Barabara Isiyo na Mtu

Jumatatu, 3 Juni
Nimefika. Mji mdogo, barabara moja ya vumbi, maduka mawili ya rangi ya samawati iliyochujuka, kimya kitupu. Ndio wenyewe! Shindano la kalenda linataka picha ya "mji uliolala", na mwisho ni Ijumaa. Mke wangu kasema nikishindwa safari hii, naenda kupima misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji, kaka yake. Shemeji! Mtu anayepiga picha kwa simu iliyopasuka kioo. Heri nife.

Nimetoa kamera. Dakika mbili tu, watu kumi na tisa wamepanga foleni ukutani, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Wanataka picha za pasipoti. Nikawaeleza kwamba mimi ni msanii. Mzee mmoja akasema sawa, msanii aanze na yeye, ila masikio yote mawili yaonekane.

Jumanne, 4 Juni
Nimeamka alfajiri niiwahi barabara tupu. Foleni imenitangulia, tena na shuka jeupe la kutundika nyuma. Mama mwenye nyumba ya wageni kaniambia niache maringo, niwapige watu picha. Nimepiga sura arobaini. Barabara haionekani hata kwenye moja.

Jioni shemeji kapiga simu. Kesho analeta mabati huku kwa pikapu, anauliza aniletee koti la dukani nilijaribu kabisa? Nikacheka. Moyoni nimemtukana.

Jumatano, 5 Juni
Nina akili mimi! Nimemnong'oneza kinyozi kwamba saa tisa alasiri, kule shuleni nje ya mji, inagawiwa miwani ya bure. Nikamsihi asimwambie mtu. Nilijua namsihi nani. Saa nane na nusu mji mzima uko mbioni, hata wenye macho ya mwewe. Kinyozi kamwacha mteja kanyolewa nusu, na mteja huyo ndiye anayeongoza.

Saa tisa. Kimya! Hata mbuzi hayupo. Picha ya maisha yangu! Nikakimbilia kamera. Ilikuwa inachajiwa mapokezi, maana soketi ya chumbani kwangu imekufa. Mlangoni kufuli. Mama kafuata miwani, na ufunguo kaenda nao.

Nimeutikisa ule mlango dakika ishirini. Nimelia, sioni aibu kuandika. Kisha watu wakarudi bila miwani, kinyozi mbele, kidole kaninyooshea mimi. Nimetoka mjini kwa njia ya mashambani. Kamera kaishikilia mama mpaka miwani ipatikane.

Jumatatu, 17 Juni
Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Shemeji kashinda! Alifika na mabati yake saa tisa ileile, akakuta barabara tupu na mtu mmoja kwa mbali anatikisa mlango uliofungwa. Akapiga kwa simu. Anasema hakuniita kwa sababu hakutaka kunisumbua kazini. Majaji wameusifu mno "upweke wa yule bwana". Picha imetundikwa juu ya kaunta. Wateja wananiuliza kama ni mimi. Nasema simjui.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: uvumi ulikuwa mdogo. Agosti kuna shindano jingine, mji nimeshauchagua, na safari hii nawatangazia magodoro ya bure. Kamera nitaazima. Shemeji nimemtajia mji, siku na saa kamili, ili ajue mahali pa kutokanyaga. Kayaandika yote kwenye simu yake. Mwelewa sana, ukiongea naye vizuri.