Rimoti ya Taa ya Mayu Felisita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Katibu Tarafa, Waheshimiwa Madiwani mliofika na mnaoendelea kufika, viongozi wa dini, wanunuzi binafsi wa pamba, na ninyi wananchi wa Bariadi mliosimama juani kwa hiari yenu: mwangaluka! (Wachache: Mwangaluka!) Mimi Shigela, Afisa Maendeleo wenu, mwenye vyeti vinne vya semina, natamka kwamba soko huria limetuletea televisheni za mitumba, televisheni hizo zimekufa, na mimi sikulia, nilitoa maelekezo. (Makofi ya watumishi.)

Maelekezo hayo yamezaa Programu Shirikishi ya Rimoti za Taa za Majumbani, tunayoizindua leo, yenye mafundi mia mbili na arobaini kutoka Lagangabilili hadi Shishiyu, ambako si wilaya yangu lakini matunda yamevuka mpaka, na asilimia tisini na tatu ya kaya sasa zinazima taa bila kunyanyuka kitandani. (Mtu anakohoa.)

Mfano hai ni mayu Felisita, mama yetu fundi redio wa hapa sokoni. Mumewe, mzee Kasmiri, alianguka kutoka juu ya lori la pamba, miguu ikakataa. Jioni moja alijiburuta kuifuata swichi, akaanguka tena, akalala sakafuni mpaka mkewe aliporudi kutoka kazini. Ndipo mama huyu alipochukua televisheni mbovu ya gesti, akang'oa jicho linalopokea rimoti, akaliunga na swichi ya sumaku ya gari bovu na betri ya taa yao, kisha rimoti yenyewe akamfunga mzee shingoni kwa kamba. Mzee akabonyeza, taa ikawaka. Akabonyeza, ikazimika. Alicheka mpaka akatokwa machozi, machozi ambayo ofisi yangu imeyaingiza kama kiashiria cha mafanikio. (Makofi.)

(Sauti ya mwanamke: Shigela, rudisha!) Mayu Felisita, maswali ni baadaye.

(Si swali! Jana mgambo wako walivibandua vifaa vyangu ukutani. Mume wangu usiku kucha amekaa gizani, ananiita kama mtoto!) Vilichukuliwa kitaalamu, mayu, kwa ajili ya maonyesho haya.

(Sauti nyingine: Hao mafundi mia mbili wasimame tuwaone! Kicheko kirefu.) Wako uwandani. Uwanda ni mpana.

Naona Mgeni Rasmi ameinuka, amechukua vifaa hivyo kwenye meza ya maonyesho, anamkabidhi mayu Felisita kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Hilo nalo lilikuwa kwenye ratiba. (Vigelegele.)

Soko huria! Taa kwa kidole! (Sauti: Kidole cha nani?)

Kwa kumalizia, namshukuru mayu Felisita kwa kutuazima mradi. Kwa kuwa sasa anaondoka nao nyumbani kwake, na hatuna mwingine, wala hatukuwahi kuwa nao, natamka uzinduzi umefungwa.