Kiputo Ndani ya Jicho Langu

Jumatatu, 4 Machi
Naandika kifudifudi, paji la uso juu ya mto ukingoni mwa kitanda, daftari sakafuni, jicho zima ndilo linaloona. Amri ya binti yangu, daktari wa macho. Daktari! Na mama yake aliishia darasa la saba! Wameingia jichoni kwa vitundu vyembamba kama vya sindano, wakaufyonza ute, wakalirudisha pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga, lililokuwa limebanduka, wakajaza gesi. Hakuna hata mshono. Daktari mkubwa wake wa kazini alikuwepo, sawa, lakini aliyeshika taa humo ndani nani? Kiputo cha gesi ndicho kinachobana pazia lishike. Nikiinua kichwa mapema, amesema, jicho laweza kuzimika kabisa.
Nitatulia.
Kiputo kinayumba. Mwezi ndani ya ndoo ya maji. Nasinzia, naelea nao.

Jumatano, 6 Machi
Kaja jirani yangu, fundi cherehani. Mwanawe rubani, basi kwa majigambo yake hatulali! Eti nikipona atanipandisha ndege. Nikamwambia ndege nimekatazwa mpaka gesi iishe. Huko angani kiputo huvimba. Hata ndege inaiogopa kazi ya mwanangu!
Kaaga, kaenda zake. Ila uso wake sikuuona. Majivuno gani haya, ya kuambia sakafu?

Alhamisi, 7 Machi
Akili ninazo! Nimekilaza kioo chini ya uso wangu, nimwone anayenisikiliza. Jirani karudi, nikaanza upya: vitundu, ute, taa. Kiooni nikaona kidevu chake tu. Nikainua kichwa kidogo. Pua. Kidogo tena...
Binti yangu mlangoni!
Hakufoka. Jirani alipoondoka, mwanangu alilala chali sakafuni, chini yangu, akanitazama kama alivyonitazama akinyonya. Akasema taratibu, mama, jicho hilo nataka linione mimi.
Nimelia. Machozi yamedondokea shavuni mwake.

Jumanne, 12 Machi
Pazia limeshika! Kiputo kimepungua, kinacheza chini kama maji ya birika, na juu ya mstari wake nimemwona mwanangu: koti jeupe, kidoti karibu na mdomo, vyote. Ameniruhusu kuinua kichwa. Nikamwapia kwamba majivuno basi, yalitaka kunipofua.
Nimeketi dirishani, dunia yote ikielea. Utulivu!
Nasikia ndala za jirani uani. Na sauti za wateja wake, wawili, labda watatu!
Nimejitupa kifudifudi, mgonjwa tena: hawa hawajasikia habari ya vitundu! Kioo nilikiweka wapi?