Ombi la Kujulishwa Nimo Kwenye Maji Gani

Kwa Bi Hathersage,
Afisa Utumishi, Halmashauri ya Mji wa Wexcombe.

Mheshimiwa Bibi,

Nakusihi, kabla hujaendelea, ufunge mlango, na yote yaliyomo humu yaishie kwako. Hata mumeo asiambiwe, maana hucheza gofu na mkuu wangu, Bwana Pargeter.

Mimi ni karani wa majaribio, idara ya taka. Niliwaandikia wakazi wa Mtaa wa Kanisa kwamba taka zao zingezolewa siku ya Krismasi, siku ambayo wazoaji wote wako likizo. Wakatoa mapipa, na mbweha wakatawanya mifupa ya bata mzinga hadi mlangoni kwa kasisi. Ijumaa itaamuliwa kama naajiriwa au naondoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Pargeter alisema nimo kwenye maji ya moto. Kwetu Waingereza, maana yake mkubwa amekukasirikia, na dawa yake ni kuomba radhi. Nimeomba mno, mara ya mwisho akiwa msalani.

2. Bi Doreen wa meza ya pili akanisahihisha: "Moto wapi, mwanangu. Wewe umo kwenye maji marefu." Hayo si hasira, ni kazi kukuzidi kimo. Dawa yake ni kuomba msaada. Nikaomba. Bwana Pargeter akaniuliza, kwa upole, kama kufunga bahasha nako kunahitaji watu wawili.

3. Kisha nikasikia ngazini kwamba nimesimama juu ya barafu nyembamba, yaani limebaki kosa moja tu nifukuzwe. Dawa yake ni kutojongea. Tangu Jumatatu sijagusa karatasi. Simu ikilia, naitazama.

4. Bibi, mtu hawezi kuomba radhi, kuita msaada na kutulia tuli kwa pamoja. Nilijaribu jana. Bi Doreen akaniletea chai yenye sukari nyingi na kunishika paji la uso.

Naomba basi wakuu waamriwe kusema wazi, bila maji wala barafu.

Wasalimie wote wa masijala, na paka wao.

Wako mtiifu na mwenye hofu,
Barnaby Ogle

Tanbihi: Bwana Pargeter ameniita sasa hivi, akasema wazi: "Ogle, kazi hii huiwezi. Ijumaa ndiyo mwisho." Nimeelewa kila neno, na sipendekezi jambo hili kwa mtumishi yeyote. Tafadhali ichome barua hii, uniombee maji yoyote, hata yanayochemka. Jibu usililete mezani kwangu. Nipo ghala la mapipa, nyuma ya jengo, pipa la kijani la mwisho. Gonga taratibu.