Ombi la Kuusogeza Mstari wa Kumalizia Mpaka Kwenye Tangi la Maji

Kwako Ndugu Katibu,
Kamati ya Mbio za Kivinje.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako. Yangu bado yananiuma, lakini kinachoniuma zaidi ni moyo, ndiyo sababu nakuandikia kwa adabu yote niliyobakiwa nayo.

Mimi ni Mudathiri, seremala wa hapa hapa Kivinje. Unanifahamu, kabati lako liko kwangu, limebaki milango tu. Juzi Jumapili nilishiriki mbio zenu za kutoka Nangurukuru. Jana mmebandika matokeo ukutani, na mbele ya jina langu mmeandika "Hakumaliza." Ndugu Katibu, neno hilo linanivunjia ndoa, na wala sitanii.

Mke wangu Esha yuko kwa mama yake tangu mfungo mosi. Aliondoka kwa sababu ya kitanda chetu, nilichokichonga kwa mikono yangu, ambacho mpaka leo upande mmoja kinashikiliwa na matofali. Mama mkwe wangu, Bi. Mwanaidi, hakunifokea. Alituma ujumbe tu kwamba siku nitakayomaliza jambo lolote, hata liwe la kipuuzi, nitarudishiwa mke wangu. Ndipo nikaliona tangazo lenu la mbio. Nikasema, la kipuuzi ndilo hili.

Sasa malalamiko yangu.

Kwanza, bukta. Niliomba kwa heshima nikimbie nimejifunga msuli wangu kiunoni, mkanikatalia mbele za watu, mkisema sare ni sare. Mkanipa bukta ambayo hata mimi mwenyewe nilipoivaa niliona haya kujitazama. Nikajipanga na wenzangu, maana mvumilivu hula mbivu.

Pili, njia mliyoichagua ina wazee wengi mno. Kila baraza lina mzee, na kila mzee ananijua. Mgeni kutoka Dar anawapungia mkono na kupita. Mimi siwezi kumpita Mzee Maftaha kama mbuzi. Lazima nisimame, nimpe shikamoo, anipe marahaba, aniulize habari za nyumbani, nami nidanganye kwamba ni nzuri. Wengine waliniulizia viti vyao walivyoniletea nivitengeneze, na hapo, nakiri, niliongeza mwendo.

Tatu, kuhusu maji ya kunywa. Hili nitalimalizia mwishoni.

Nne, na hili ndilo kubwa. Nilipoingia mjini, nikiwa nimebakiza hatua chache, mshika kipaza sauti akatangaza kwa furaha kwamba pale pale kwenye mstari wa kumalizia wameketi wageni wa heshima, akiwemo Bi. Mwanaidi, kiongozi wa kina mama waliotupikia ubwabwa. Ndugu Katibu! Wewe umeoa. Nieleze ni mwanamume gani wa pwani hii, awe Mmatumbi, awe Mmachinga, anayeweza kumkimbilia mama mkwe wake mapaja wazi, jasho likimtiririka, ulimi nje? Sisi tukikutana na mkwe njiani tunampisha mpaka majanini, tena tukiwa na kanzu. Basi nikakata kona, nikachutama nyuma ya tangi la maji.

Nikangoja ainuke. Sikuthubutu hata kuchungulia, maana kumchungulia mkwe ni kosa jingine. Walinipita wote: wanafunzi, mwalimu mstaafu, hata Klementi wa Kiranjeranje, aliyekimbia njia nzima na jogoo kwapani anampelekea shangazi yake. Kwa hesabu zenu, jogoo kamaliza, mimi sikumaliza. Adhana ya alasiri ilinikuta pale pale. Nilipotoka, turubai mmeshakunja na mstari umeshafagiliwa. Nimalize nini, na wapi?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mstari wa kumalizia usogezwe mpaka usawa wa lile tangi, kuanzia Jumapili iliyopita. Si jambo gumu. Mstari wenyewe ulikuwa chokaa, haukuteremshwa kutoka mbinguni. Mkiusogeza, nitakuwa nimemaliza, tena mbele ya Klementi, kwa kuwa tangini nilifika kabla yake. Walioendelea hawatadhurika. Wataandikwa kwamba walizidisha, na mwenye kuzidisha ana thawabu zake.

Hilo likishindikana, basi mwakani mama wakwe wa washiriki wote waitwe kikaoni kabla ya mbio, kila mmoja aseme siku hiyo ataketi wapi, ndipo njia ichorwe. Na hilo nalo likiwa zito, kamati ipige marufuku mtu aliyeoa kukimbia. Watabaki makapera, ambao hawana wa kumwonea haya.

Tafadhali nijibu upesi. Nyumba imepoa, Ndugu Katibu. Nimemkumbuka mke wangu, hata ugomvi wake.

Wasalimie wanakamati wote, na mshika kipaza sauti, sina kinyongo naye. Wasalimie na kina mama wa ubwabwa, isipokuwa mmoja, ambaye salamu zake siwezi kuzipitisha kwa mwanamume mwingine.

Ni mimi niliyefika,
Mudathiri, seremala.

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Esha ameingia sasa hivi, na begi lake. Anasema mama yake alijua kwamba nitaona haya, ndiyo maana aliposikia nimeingia mjini alijifunika khanga uso mzima ili nipate kupita. Akakaa hivyo na joto lote lile mpaka alasiri, kila mara akimwuliza Esha, aliyekuwa ubavuni pake, "Kashapita mumeo?" Esha, ambaye muda wote huo alikuwa anaiona miguu yangu chini ya tangi, akawa anajibu, "Bado, mama." Mwishowe akamwonea huruma mama yake, na nadhani mimi pia, akasema, "Kashapita." Bi. Mwanaidi akajifunua, akamshukuru Mungu, akamwambia akafungashe vitu vyake, ila angoje siku mbili nisije nikavimba kichwa. Kwa hiyo mstari uacheni ulipo. Ila yale matokeo nakuomba uyabandue ukutani leo hii, kabla mama mkwe hajatoka kwenda sokoni. Na mtu yeyote akikuuliza, Ndugu Katibu, nilipita.