Kikombe cha Posa na Mshairi Mnywa Chai

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya watu wa posa.

Mnanijua mimi ni mtu wa ndani. Nikionekana nimetoka, majirani wa mtaani kwetu Khuwair huuliza nani kafa. Lakini leo dada yangu Zuwena alikuwa anakwenda mtaa wa Al Khoudh kumposea mwanawe, na akanitaka tufuatane. Binti anayeposwa, Asila, anasoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu.

"Useme mambo ya maana," Zuwena alinambia. "Si habari za friji yako."

Mimi nimeishia sekondari. Basi wiki nzima nikawa kwenye simu nasikiliza visa vya washairi wa Kiingereza wa zamani. Watu wale! Mmoja alifuga dubu chuoni kwa sababu mbwa walikatazwa. Mwingine akishikilia kuwa kula nyama ni makosa (nilimsikiliza huku naguguna mfupa). Mwingine alimzika mkewe pamoja na mashairi yake, halafu akayataka, kaburi likafukuliwa! Hicho nikakiacha. Posa na kaburi haviendi.

Garini Zuwena akanionya jambo moja tu. "Wale wanashika mila. Kahawa ikija, weka kikombe chini. Hatunywi mpaka watujibu. Ukinywa, maana yake huna haja."

"Nimesikia." (Nilikuwa namfikiria dubu.)

Tukapokewa na Bibi Thuraya, bibi yake Asila, mwenye neno la mwisho nyumba ile. Kahawa ikamiminwa. Zuwena akaweka kikombe chini. Na mimi vilevile. Akaitoa haja yetu, vizuri kabisa. Bibi akanyamaza, anafikiri.

Kimya mimi hunitia wasiwasi. Nikamgeukia Asila, nikamtolea dubu. Akacheka! Kichwa kikanivimba. Nikamtolea na mshairi aliyekuwa akinywa chai bila kipimo, kikombe baada ya kikombe, mpaka wenyeji wake wanachoka kumimina.

"Akinywaje, khalti?" Asila akauliza, kashaniita mama mdogo kabla ya jibu.

"Hivi!"

Nikakinyanyua kikombe, nikakimaliza kwa funda moja. Halafu nikakitikisa, kama tufanyavyo sote tukitosheka.

Zuwena akafumba macho.

"Aa," Bibi Thuraya akasema taratibu. "Kumbe mmekuja kututembelea tu. Leteni matunda."

"Bibi, haja tunayo!" Zuwena karibu alie.

"Yako naiona, mwanangu, iko hapo chini. Ya mwenzio kashaimeza." Akanitazama, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Jibu nnalo, na si baya. Lakini silitoi mbele ya kikombe kitupu. Rudini Ijumaa. Na huyu mtu wa chai, muacheni kwao."

Tulipofika mlangoni pangu Zuwena akanigeukia: "Ijumaa hutoki ndani! Umenisikia? Hutoki!"

Nikainamisha kichwa kwa huzuni.

(Tafadhali msimwambie mtu, lakini adhabu hii nimeisubiri maisha yangu yote.)