Zamu ya Koki Kwenda Semina

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, haikumaliza hata kusema kwamba idara ya maji itapeleka wafanyakazi mafunzoni ili kuongeza ufanisi. Koki, fundi bomba wa idara hiyo, alishapanda mori.

"Ufanisi gani? Nimezeeka kwenye mitaro yao, semina sijaionja! Kila mwaka anakwenda huyu!"

Huyu alikuwa Cheti, mfanyakazi mwenzake, tai shingoni, anakunywa kahawa saa za kazi bila wasiwasi.

"Acha wivu. Nina cheti cha uongozi, cha huduma kwa mteja, mpaka cha kuandaa semina."

"Na ulipoligusa bomba la mama mkwe wangu?"

"Kule hatukufundishwa vitendo."

"Godoro lilielea mpaka barabarani!" Mama Birika akadakia.

Mzee Faili, karani mstaafu wa idara, akaweka kikombe chini. "Koki mwanangu, unalia nini? Ofisi ile naijua. Bosi akidaiwa jina la mtu wa semina, anajiuliza: nani akiondoka kazi haitasimama? Huyo ndiye anayekwenda."

"Mzee, unanidhalilisha," Cheti akanung'unika.

"Nakusifu, una uzoefu. Lakini Koki akiondoka, mji mzima unanuka. Kunyimwa semina ndiyo cheo chake."

Koki akavimba kichwa. Hajawahi kujisikia mtu wa maana kiasi kile. Mara simu yake ikalia, ujumbe. Akausoma, akaruka juu.

"Jamani, nimechaguliwa! Wiki mbili, hotelini!"

Wakampigia makofi. Ya Mzee Faili yakafifia kabla ya mengine.

"Mabomba anabaki nayo nani?"

Koki akausoma tena. "Wanasema... nisiwe na wasiwasi."

Cheti akamsogelea, akamshika bega kwa upole. "Karibu sana, ndugu yangu. Chakula cha mchana huwa kizuri."

Koki akakumbuka nyumba yake isiyo na paa bado, na ada za shule za watoto wake. Akampigia bosi simu.

"Bosi, habari ya kazi? Semina nashukuru sana, ila siwezi kuondoka. Bomba kuu la sokoni limepasuka. Vibaya mno! Hapana, Cheti hapana, niachie mwenyewe!"

Akakata simu.

"Maskini! Limepasuka saa ngapi?" Mama Birika akauliza.

Koki alikuwa ameshabeba spana yake kubwa begani, anaelekea sokoni.

"Bado, mama. Wewe jaza ndoo zako tu."