Tarumbeta na Mafuta ya Mama Zaina

Leo nimeaibika. Tena si chumbani, ni bandarini, mbele ya Kisangani nzima. Niko hapa saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, shati bado linanuka mafuta, nawaandikia nyinyi wenzangu wa zamani wa fanfare, bendi yetu ya matarumbeta ya parokia, mlioko Kinshasa, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Mtu mwingine ataongeza chumvi. Mimi sina haja ya kuongeza.

Mnajua hali yangu. Mke wangu Albertine alipanda bato kwenda Kinshasa kumzika shangazi yake. Wiki mbili, alisema. Aliacha hata sufuria ya mboga ya pondu jikoni. Vita vikaanza, waasi wakachukua mji, mto ukafungwa. Wiki mbili zikawa miaka mitano. Wanaume wengine walioachwa hivyo walishaoa tena. Mimi nilipata barua mbili tu, zilizopitia kwa wamisionari, na ya pili ilikuwa imelowa. Nilisoma "mume wangu mpendwa" na "nakusalimu". Katikati wino wote ulikuwa umefutika. (Pale katikati nimejaza mwenyewe. Kila siku najaza maneno tofauti.)

Bon. Wiki mbili zilizopita redio ikatangaza: mto umefunguliwa, bato la kwanza linapanda kutoka Kinshasa. Papa Gaspard, bado ndiye kiongozi wetu wa fanfare, akaja mbio nyumbani.

"Faustin, toa tarumbeta! Wewe njo utafungua wimbo, peke yako. Sisi tutaingia nyuma yako."

Tarumbeta nilikuwa nimeizika chini ya sakafu ya jiko, askari wasiichukue. Nikaifukua, nikapuliza. Miaka mitano bila kupuliza! Siku ya tatu midomo ikapasuka, ikatoka damu. Ikakauka kama magamba ya samaki. Nikajitazama kwenye kioo: hii ndiyo midomo ya kumpokelea mke? (Samahani. Sote ni watu wazima.)

Leo asubuhi nikaenda kwa jirani yangu, Mama Zaina. Tangu mabato yaache kuleta losheni za dukani, yeye ndiye anayetupaka mtaa mzima. Anakaanga kokwa za chikichi, anazitwanga, anazichemsha mpaka mafuta yaelee juu, kisha anatia nta ya nyuki kidogo, na mchaichai wa kuficha harufu. Midomo ya wanawake wa mtaa wetu wa Mangobo inang'aa kwa kazi ya mikono yake.

"Hii itakuponesha," akaniambia, akinipa kopo dogo. "Lakini paka kidogo sana, papa. Kama punje ya muchele. Jua ikipiga, inayeyuka."

"Punje moja kwa miaka mitano, mama?"

Akacheka. "Alors, mbili."

Nilichota vidole vitatu. Nikapaka midomo. Nikapaka mashavu. Nikapaka mikono. (Mikono pia! Nilifikiri atanishika mkono.) Kisha nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikakaa nyuma, jua usoni mpaka bandarini. Mafuta yakayeyuka. Yakateremka kidevuni. Nikayapangusa kwa vidole. Vidole vile vile vya tarumbeta, ndugu zangu.

Bandarini watu walijaa, lakini hapakuwa na kelele. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya tangu kabla ya vita. Bato likatokea mbali, refu, watu mpaka juu ya paa. Mama mmoja kando yangu akaanza kuita jina la binti yake polepole, wakati hata nyuso zilikuwa hazijaonekana. Mimi nilikuwa natafuta kitambaa cha kijani. Albertine hupenda kijani. Nikaona vitambaa vya kijani kumi, na moyo wangu ukaenda kwa vyote kumi.

"Faustin!" Papa Gaspard akaninong'oneza. "Sasa!"

Wakubwa wa mji wakasimama. Nikainua tarumbeta. Nikapuliza.

Prrrrrt.

Ile si noti, jamani. Sauti hiyo mnaijua, haina haja ya maelezo. Nikarudia. Tarumbeta ikateleza midomoni, ikapanda mpaka puani. Prrrt-fiii. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Papa iko na tumbo! Mumupe mukaa atafune, tumbo itulie!" Umati wote ukacheka. Wakubwa wakatazama viatu vyao.

Nikajiambia, tulia, fundi ni fundi. Nikachomoa kile kipande cha kupulizia ili nikipanguse. Kwa vidole gani? Vile vile. Kikaniruka kama samaki hai, kikagonga ukingo wa gati, ting! Kikazama mtoni.

Hiyo ndiyo noti pekee safi niliyotoa leo.

"Ngoma!" akapiga kelele Papa Gaspard. "Pigeni ngoma!"

Wakapiga. Mimi nikabaki nimeshika bomba.

Watu wakaanza kushuka. Walikumbatiana, walilia, wengine walikaa chini kabisa. Yule mama wa kando yangu akampata binti yake. Aliondoka mtoto, amerudi mwanamke, ikabidi amshike uso kwanza kwa mikono miwili ahakikishe. Nami nikahesabu vitambaa vya kijani vikishuka, kimoja kimoja. Cha kumi kilikuwa cha mama mzee.

Albertine hakuwemo.

Nilisimama pale mpaka gati likaanza kuwa tupu. Ndipo sista mmoja aliyeshuka batoni, begi mkononi, akapita mbele yangu mara mbili, kisha akarudi.

"Samahani, papa. Natafuta mutu moja, jina yake Faustin. Bibi yake alisema nitamujua mara moja, juu anapiga tarumbeta kushinda wote Kisangani." Akaangalia huku na huku. "Sioni mwingine wa tarumbeta ila wewe."

"Ni mimi, ma soeur."

Akanitazama kwa huruma. (Huruma ya sista ni nzito, msiombe.) Akanipa barua. Safari hii haikulowa. Niliisoma nimesimama, nikiacha alama za vidole kila upande. Albertine alilala bandari ya Kinshasa siku tatu, bato likajaa, akabaki. Anangoja linalofuata. Chini kabisa ameandika: "Usioe. Nakuja."

Maneno mawili. Nimeyasoma kuliko katekisimu.

"Aliniomba kitu moja," sista akasema. "Nimuandikie vile umepiga. Anasema ile sauti njo anakumbuka kuliko yote."

"Na utamwandikia nini?"

Akaangalia chini. "Papa Faustin, mi niko sista. Siwezi kudanganya."

Donc, ndugu zangu, barua ya sista inateremka na bato hili hili likirudi. Nyinyi mko karibu kuliko barua. Nawaomba, nendeni kwa Albertine leo leo, na asicheke hata mmoja wenu. Mwambieni nilipiga vizuri mno, ila yule sista, maskini, masikio yake hayasikii sawasawa. Dhambi nitaiungama mimi Jumapili.